Anayeanzia Mgongoni

Mkaguzi mzuri wa beji za kale za Ujerumani haanzii usoni. Mwekee mezani beji ya NSDAP, chama cha Wanazi, ile ya duara jekundu, kitovu cheupe na swastika nyeusi, ataigeuza kifudifudi kabla hujamaliza kusimulia ulikoitoa. Mghushi amehangaika na uso. Ilipofika zamu ya mgongo alikuwa ameshachoka.

Mgongoni kuna pini, kuna lehemu iliyoishika, kuna maandishi madogo. Beji za miaka ya mwanzo aghalabu huandikwa "Ges. Gesch.", yaani muundo umelindwa kisheria. Baadaye chama kikaweka usimamizi wa vifaa vyake chini ya ofisi moja mjini Munich, Reichszeugmeisterei, na watengenezaji wakalazimika kuwa na leseni na namba. Tangu hapo ndipo zinapoonekana herufi RZM na alama kama M1/52, ambayo ni ya Deschler & Sohn wa Munich. Mghushi asiyesoma hukwama hapa: hugonga namba ya kiwanda kimoja kwenye umbo la kiwanda kingine.

Lakini usikimbilie kuhukumu. Chama hiki kilifikisha wanachama wapatao milioni 8.5 kufikia 1945, na beji zao zilitoka katika viwanda vingi, kila kimoja na kalibu zake. Hapa herufi ni nene, kule nyembamba. Hii ina pini ndefu, ile ina kishikizo cha tundu la kola ya koti. Mwanafunzi mwenye picha moja tu kichwani atazikataa beji halisi kumi kwa kuwa hazifanani na picha yake. Mkaguzi hatafuti mfanano, anatafuta undugu. Kalibu ya chuma ikipata ufa, kila beji itakayogongwa humo itazaliwa na kovu lilelile, mahali palepale. Akishaliona kovu hilo kwenye beji ambazo asili yake haina shaka, amepata ukoo.

Kisha huja enameli, na hapa ndipo ninapopenda kumtazama akifanya kazi. Enameli ya kweli ni kioo. Kilisagwa kikawa unga, kikajazwa katika vishimo vilivyogongwa kwenye metali, kikachomwa katika tanuri ya nyuzi 800 hivi, kikapoa, kisha kikasuguliwa mpaka kikalingana na kingo zinazokizunguka. Rangi nyekundu ndiyo sumbufu kuliko zote, moto ukizidi kidogo tu inafifia au inaingia weusi. Mkaguzi huinamisha beji chini ya taa, lenzi ya kukuza mara 10 ikiwa jichoni, akafuata mpaka wa kioo na metali. Kwenye kazi halisi mpaka huo ni bapa, umekatika vizuri. Resini ya siku hizi, iliyomiminwa bila moto, hujivuta pembeni na kupanda ukingo kama uji ulioganda kwenye bakuli. Ncha ya sindano huteleza juu ya kioo. Kwenye resini inanasa. Na beji ikiwa imewahi kuanguka, ushahidi ni mzuri zaidi, maana kioo humeguka kama kigae, ilhali resini huchubuka tu.

Beji ya dhahabu ya chama hicho ndiyo inayovuta waghushi kama nzi. Ilianzishwa 1933 kwa wanachama wa zamani wenye namba chini ya 100,000, ikatengenezwa kwa saizi mbili, milimita 30.5 na 24, na namba ya mwenyewe ikawekwa mgongoni. Aliyenakili kwa kuchukua umbo la beji halisi na kumimina metali husalitiwa na metali yenyewe, kwa sababu ikipoa hunywea. Kipimo cha milimita humuumbua.

Niseme wazi kwamba heshima yangu ni kwa jicho, si kwa chama. Ujerumani yenyewe, kifungu cha 86a cha sheria ya makosa ya jinai kinakataza kuonyesha alama hizi hadharani isipokuwa kwa sababu kama elimu na utafiti, ndiyo maana picha nyingi za minada huko zina kibandiko juu ya swastika. Mimi hunigusa zaidi beji za mishale mitatu za Eiserne Front, muungano ulioundwa Desemba 1931 kuwapinga Wanazi. Baada ya 1933 kukutwa na beji hiyo kulikuwa hatari, hivyo iliyobaki leo kuna mtu aliyeificha.

Nayo pia inaghushiwa. Kwa hiyo, msomaji, yeyote atakayekuuzia beji kwa picha ya uso peke yake, mwombe picha ya mgongo. Akisitasita, rudisha fedha zako mfukoni.