Hifadhi ya Mti wa Bunduki Porini

Wawindaji wengi hukesha wakisugua chuma cha bunduki, ilhali mti uliokibeba chuma hicho hawautazami ila siku unapopasuka. Nami nasadiki kwamba shabaha inayopotea porini aghalabu hupotelea mtini kabla ya kupotea mtutuni. Tuchukue mathalan bunduki za komeo za mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, ambazo kampuni ya John Rigby ya London iliziundia risasi yake ya .416 mwaka 1911, na Holland & Holland ikatoa ya .375 mwaka uliofuata, zikaenea mikononi mwa wawindaji wa nyati na tembo wa Afrika Mashariki. Mti wake ulikuwa wa jozi, mgumu bila ya kuwa mzito mno, uliochongwa katika hewa ya Uingereza, kisha ukateremshwa Mombasa penye unyevu wa bahari, na baada ya siku chache ukapandishwa bara kwenye nyika kavu.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na inapounywa hutanuka kwa upana wa nyuzi zake, wala si kwa urefu. Kwa hiyo wakati wa masika sehemu ya mbele huvimba ikauegemea mtutu upande mmoja, na risasi zikahama mahali pake. Kiangazi kikifika mti hunywea, parafujo zikalegea, na mtambo ukaanza kucheza ndani ya nafasi yake. Hapo ndipo penye hatari. Chini ya mtambo pana jino la chuma linalopokea pigo la kurudi nyuma na kulikabidhi kwa mti, na jino hilo lisipokaa barabara, mkia wa mtambo huingia shingoni mwa mti kama kabari, shingo ikapasuka kwa kufuata nyuzi. Ndiyo maana mafundi wa bunduki nzito hukingamisha msumari wa chuma ndani ya mti nyuma ya jino, na huacha upenyo mwembamba nyuma ya mkia.

Adui mwingine, naye huletwa na bidii yenyewe, ni mafuta ya mtambo. Mwenye kuyamimina bila kiasi na kuisimamisha bunduki tako likiwa chini, kila usiku huyaacha yateremke hadi shingoni, mahali mti ulipo mwembamba kuliko pote, yakaulainisha hata ukawa mweusi na kukosa nguvu. Dawa yake ni kufuta hata chuma kibaki na utando tu, na kuiweka bunduki mdomo ukiangalia chini. Maji nayo yana hadhari yake: fataki za zama hizo ziliacha chumvi mtutuni, ambayo mafuta hayaiyeyushi, bali maji ya moto; basi yapitishwe kwa mrija kutoka nyuma, mdomo ukiinamishwa, yasipate njia ya kuingia baina ya chuma na mbao.

Kuhusu kupaka, vanishi ya sandarusi, ile sandarusi ya Mrima iliyosafirishwa kutoka Unguja hadi Ulaya na Marekani, hung'aa na kuzuia maji, lakini ikichubuliwa na miiba haitengenezeki kambini. Mimi napendelea mafuta ya mbegu za kitani, yakipakwa kidogo kidogo na kusuguliwa kwa kiganja mpaka mti upate joto, kisha yakaachwa yakauke kabla ya kurudiwa. Hayazuii unyevu kabisa. Huuchelewesha, na hilo latosha maadamu hapakusahauliwa mahali pasipoonekana: ndani ya nafasi ya mtambo, na chini ya bamba la tako, ambapo nyuzi zimekatwa mwisho wake na hunywa maji kupita mahali pengine pote. Mti uliong'arishwa nje na kuachwa mkavu huko ndani haukuhifadhiwa.

Shingo ikipasuka safarini, ufa usafishwe mafuta, utiwe gundi, kisha ufungwe kwa ngozi mbichi iliyolowekwa, ambayo ikikauka hujikaza yenyewe. Kwa risasi ndogo kifungo hicho chaweza kuvumilia hadi mwisho wa safari. Kwa bunduki ya .416 nisingemshauri mtu amkabili nyati akikitegemea.