Tazama Mahali Brashi Haikupita

Ukiwekewa mbele mchoro wa ziwa wa rangi za maji, wa karne ya 19, usianze na mlima. Mlima humlaghai kila mtu. Anza na maji, na katika maji hayo tafuta mahali ambapo mchoraji hakupaka kitu. Rangi hizi hazina weupe wake. Weupe ni karatasi yenyewe. Asiyejiamini hulijaza ziwa buluu tupu, halafu hurudi na rangi nyeupe nzito kutia mng'ao, nao ukakaa juu ya maji kama chokaa. Fundi hasa huamua patakapobaki wazi kabla hajalowesha brashi.

Nasema haya nikimfikiria J.M.W. Turner, mtoto wa kinyozi wa London. Kila kiangazi tangu 1841 hadi 1844 alikwenda Uswisi, na mjini Lucerne aliuchora mlima Rigi, ulio ng'ambo ya ziwa, mara nyingi mno: alfajiri, jioni, mwezi ukiwaka. Daftari zake zilikuwa na jalada laini, za kuviringishwa na kutiwa mfukoni. Alipotaka kurudisha mwanga mahali alipokwisha kupaka, hakutafuta rangi nyeupe. Aliweza kuikwaruza karatasi kwa ukucha wa kidole gumba. Shika mchoro ubavu kwa taa uone mikwaruzo kama hiyo. Mwigaji mwoga huikwaruza sawasawa, kama anayechora mistari ya daftari.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni taswira ya mlima majini. Aliyekaa kweli ukingoni anajua kwamba taswira si mlima uliopinduliwa. Cheupe cha juu hufifia kikifika majini, na cheusi hupungua weusi. Penye viwimbi taswira hurefuka ikikujia wewe mtazamaji, ikikatika hapa na pale. Aliyebuni ziwa akiwa mezani hukupa mfalme wa karata: nusu juu, nusu chini, hakuna aliyemzidi mwenzake. Tazama pia mwambao. Ukiukuta umechorwa kwa mstari mmoja mkali kutoka pembe hadi pembe, ulizia bei ya fremu peke yake.

Muuzaji atakuapia kwamba mchoro ulipakwa hapohapo ziwani. Usimlipe zaidi kwa kiapo hicho. Turner mwenyewe mara nyingi alichora kwa penseli akiwa nje, rangi akazitia baadaye ndani ya nyumba, kwa sababu kupaka rangi nje kulimlia muda. Kinachopimwa ni kile jicho lilichobeba, si mahali kiti kilipowekwa.

Halafu kuna anga jekundu, ambalo wengi hulisifu bure. Wachoraji wengi wa zama zile walichanganya nili na rangi nyekundu wapate kijivu cha mawingu. Nili haivumilii mwanga. Hupauka na kuuacha wekundu peke yake, na mchana wa mawingu ukageuka machweo. Mwaka 1888 wanasayansi Russell na Abney waliiandikia serikali ya Uingereza ripoti nzima juu ya mwanga unavyoharibu rangi za maji. Kwa hiyo omba kadi inayozunguka picha iinuliwe. Ukanda uliofichwa chini yake ndio utakaokuonyesha rangi ya awali.

Karatasi ikitolewa kwenye fremu, iinue kwenye mwanga kama unavyokagua noti. Karatasi nzuri za Kiingereza mara nyingi zina jina la mtengenezaji Whatman ndani yake, pengine na mwaka. Mwaka ukiwa baada ya kifo cha mchoraji, mazungumzo yameisha. Ukiwa kabla, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa karatasi kuukuu hununulika.

“Rigi ya Buluu” ya 1842, iliyokamilika pamoja na mbwa na bata wake, ilinadiwa 2006 kwa zaidi ya pauni milioni 5, na mwaka uliofuata ikaingia jumba la Tate, London. Humohumo Tate umo mchoro wake wa majaribio, mmoja wa ile ambayo Turner alimpa wakala wake, Thomas Griffith, awaonyeshe wateja. Ningeambiwa nichague mmoja, ningechukua huo wa majaribio.