Uzito wa Ndoo

Mtu wa kwetu hatembei tu. Akipita karibu na mbwa mkali ananyata. Akitoka kilabuni anapepesuka. Mguu ukimuuma anachechemea. Uzee ukimlemea anajikongoja. Akivaa kitenge kipya anakwenda kwa madaha, mpaka kitenge chenyewe kinajua kuwa kimevaliwa. Waliotuachia maneno haya hawakujua kuwa wanawaandalia kamusi wahuishaji wa katuni, lakini ndicho walichofanya. Tena kitenzi kilekile cha kwenda ndicho kilichotupa mwendo wa miguu na mwenendo wa tabia, kana kwamba lugha imekataa kuvitenganisha.

Nilianza kuyahesabu maneno hayo nilipoanza kujifunza kuhuisha vikaragosi vya gemu. Vifaa vyangu ni kompyuta ya mtumba na baraza inayotazama barabara hapa Nsemulwa, kata ya Manispaa ya Mpanda. Kompyuta niliinunua. Baraza ni ya bure, nayo imenifundisha zaidi.

Programu nayo ni ya bure. Blender ilizaliwa katika studio moja ya Uholanzi. Mwaka 2002 mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, alichangisha euro 100,000 ili kuikomboa kutoka kwa wawekezaji, kisha akaiachia dunia nzima. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo niliyoishusha mimi kwa bando la usiku. Kwa hiyo kisingizio cha vifaa sina.

Zoezi la kwanza ni mpira unaodunda. Nililidharau. Unaweka mpira juu katika fremu ya 1, chini katika fremu ya 12, juu tena katika fremu ya 24, na kompyuta inajaza zilizobaki yenyewe. Inajaza kwa adabu iliyopita kiasi: mpira unashuka taratibu, unakaribia ardhi ukisitasita kama mtu anayeogopa kuchafua kanzu, unagusa, unapanda. Huo si mpira, ni puto lenye aibu. Kitu kinachodunda hukawia kule juu, huanguka kwa kasi inayozidi kuongezeka, na kikigonga chini hakikai. Kwa hiyo fremu za juu unazisogeza zikaribiane, na za chini unaziachanisha.

Jioni hiyo watoto walikuwa wanacheza chandimu mbele ya nyumba kwa mpira wa nailoni na matambara uliofungwa kamba. Ule haudundi, unaanguka, unajirusha kidogo kwa kuona haya, unalala. Nilirudi ndani nikasogeza fremu mbili tatu, na duara langu, bila kubadili rangi wala ukubwa, likawa la matambara. Nikasogeza tena, likawa jiwe. Kufikia usiku wa manane nilikuwa bado nafanya mchezo huo mmoja, nikicheka peke yangu. Uzito haukuwa kwenye mchoro kamwe. Ulikuwa kwenye muda.

Baada ya mpira unapewa kikaragosi chenye mifupa, na unaambiwa kitembee. Hatua ina pozi nne: mguso, kisigino kinapofika chini; kushuka, mwili unapoulalia mguu huo; kupishana, mguu wa nyuma unapompita mwenzake; na kuinuka, kabla ya mguso mwingine. Kwa mwendo wa kawaida hatua moja hula fremu 12, na sekunde moja ya sinema ina 24. Kwenye gemu kuna sharti la ziada: fremu ya mwisho lazima ikabidhi kazi kwa ya kwanza bila mshono, kwa sababu kikaragosi kitatembea kadiri mchezaji atakavyobonyeza, hata saa nzima. Hilo halikunishangaza. Lugha inayosema tembeatembea na zungukazunguka inafahamu kitanzi ni nini. Kilichonitesa ni nyayo. Hatua ikiwa fupi na kasi ikiwa kubwa, miguu inateleza chini kama ya mtu anayevuka tope la masika na hataki kukiri.

Kuna dada jirani anayetwanga mahindi asubuhi. Mchi unapanda, unasita angani kwa muda mfupi kuliko kukonyeza jicho, ndipo unashuka. Kule kusita ndiko kunakouambia mwili wako wewe mtazamaji kwamba pigo linakuja. Wahuishaji wa Disney waliliorodhesha hilo miongoni mwa misingi yao 12, ambayo Frank Thomas na Ollie Johnston waliiweka kitabuni mwaka 1981. Lakini filamu haina kidole cha mtu. Gemu linacho. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka anataka kuruka sasa, si baada ya kikaragosi kukunja magoti na kuvuta pumzi. Ugomvi wote wa fani hii umo hapo, baina ya uzito na utii.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilichagua utii: yule bwana hugeuza mwelekeo akiwa hewani, jambo ambalo hakuna mtu aliyezaliwa na mama anayeliweza. Jordan Mechner alichagua uzito. Alimpiga picha za video mdogo wake David akikimbia, akiruka na kuning'inia, akazifuatisha fremu kwa fremu, na Prince of Persia ikatoka mwaka 1989 na kijana aliyekimbia kama mtoto wa mtu. Ukimwamuru asimame huchukua hatua ya kujizuia kwanza, na mara nyingi hatua hiyo humtumbukiza shimoni. Mimi niko upande wa Mechner. Vijana wa banda la gemu hapa mtaani wameniambia wazi kuwa ndiyo maana sitauza kitu.

Kwa jambo hili la kutazama, fani inamkumbuka Eadweard Muybridge, aliyepanga kamera 12 kando ya njia huko California mwaka 1878 kuthibitisha kwamba farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne imeacha ardhi. Sisi tuna swali letu. Kutoka hapa hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Katavi, si mbali, na pale Mto Katuma umejaa viboko. Mtu aliyewahi kumwona kiboko akikimbilia maji hasahau. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London walichapisha walichokiona kwenye video fremu baada ya fremu: kiboko akikimbia kwa kasi yake kubwa huwa hewani kabisa kwa takribani asilimia 15 ya kila mzunguko wa hatua. Mnyama wa zaidi ya tani moja, hewani! Nilipojaribu kumhuisha, kila nilipomfanya mzito alikuwa tembo, na kila nilipomrusha alikuwa nguruwe. Bado yumo kwenye faili, ananisubiri.

Wapo walionitangulia. Studio ya Homeboyz ya Nairobi iliwachukua wanyama wa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, waliozoea kusimama tuli ubaoni, ikawatembeza kwenye Tinga Tinga Tales, na Ubongo Kids ya Dar es Salaam iko hewani tangu 2014. Lakini masomo mengi ya video ninayoyafuata yametoka mbali, na yote husema kichwa cha anayetembea hupanda na kushuka kama wimbi. Nilifuata. Kisha nikataka mhusika wangu wa kwanza awe mama anayetoka bombani na ndoo ya lita 20.

Kichwa kikapanda na kushuka kama nilivyofundishwa, na ndoo nayo. Kwa hesabu yoyote ya kweli, maji yote yangekuwa mgongoni. Siku tatu nilikaa barazani nikitazama. Ndoo inapita mbele yangu kwenye mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Wimbi halijapotea; limehamia kwenye magoti na nyonga. Mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine unapunga. Shingo haisemi kitu. Nikalifuta somo, nikashusha nyonga, nikalegeza magoti, nikanyoosha kichwa. Nikasema kikaragosi kimekamilika.

Mama mmoja wa mtaa wetu alipita kuomba moto, nikamgeuzia kioo.

"Shikamoo, mama. Hebu mtazame huyu."

"Marahaba." Aliinama, akatazama vitanzi vitano, labda sita. "Ni mwanamke. Anatoka bombani au anakwenda?"

"Anatoka."

"Basi hiyo ndoo ni tupu, mwanangu. Tazama hatua zake, ndefu hivyo. Ikijaa unakata vihatua vifupi, vya harakaharaka, shingo isichoke kabla hujafika."

Alichukua kaa lake akaenda. Nilirudi kwenye fremu ya 1, nikaanza kufupisha.