Sinema za Kiswahili za Kutazamwa Nyumbani: Maoni juu ya Kuona na Kusikia

Nakusudia katika kurasa hizi kuwapendekezea wasomaji, hasa wanafunzi wa lugha na fasihi, picha chache za sinema zinazostahili kutazamwa nyumbani kwa njia ya intaneti. Kazi ya namna hii yaweza kuonekana ndogo mno kwa jarida la chuo kikuu. Lakini mwanafunzi wa leo akishatoka darasani hukaa mbele ya picha saa nyingi kuliko akaavyo mbele ya kitabu, na mwalimu ajifanyaye halioni jambo hilo hujinyima njia ya kuyajua mawazo ya wanafunzi wake. Sisemi kwamba sinema zichukue mahali pa vitabu. Nasema kwamba tukizitazama, tuzitazame kama wasomi wa Kiswahili, yaani kwa masikio vilevile kama kwa macho. Na hapo ndipo penye shida.

Yafaa tukumbuke kwanza jambo la zamani kidogo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwako Vugiri, katika milima ya Usambara, kituo kilichotengeneza picha za kuwafundisha Waafrika habari za afya, kilimo na kuweka akiba posta. Fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na aliyesimamia utengenezaji wa picha alikuwa Meja Notcutt. Picha zilipakiwa katika motokaa zikaonyeshwa mahali kwa mahali. Sauti haikutiwa katika ukanda wa picha, bali ilitiwa katika sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusema lugha hii leo na lugha nyingine kesho. Hesabu yao ya fedha ilikuwa sahihi, lakini ndani yake mlikuwamo wazo ambalo halijatutoka hata sasa: kwamba picha ndiyo mwili na lugha ni nguo, yaweza kuvuliwa na kuvikwa nyingine pasipo mwenye mwili kudhurika.

Watu wa miji yetu walilipinga wazo hilo kwa namna yao, bila ya kuandika makala. Walipokwenda kutazama picha za Kihindi kama Mother India ya mwaka 1957, wengi hawakuijua lugha, lakini walizishika nyimbo na kuziimba njiani wakirudi. Baadaye, katika vibanda vya video, walizuka wafasiri waliozungumza juu ya picha za kigeni: Tanzania alipata sifa mtu aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na Kenya yuko DJ Afro. Wasomi wamezoea kuwacheka. Mimi naona kwamba katika ufasiri ule mna usimulizi ulio hai kuliko tamthilia nyingi zinazotungwa kwa ajili ya mitihani. Mfasiri wa kibanda hamtafsirii mtu maneno. Humtungia hadithi upya, humpa adui jina la mtaani, na pale anapochoka na mazungumzo marefu ya wapenzi huyaruka bila ya aibu.

Nikija kwenye picha zenyewe, ya kwanza na ya pekee kwa mwanafunzi wa fasihi ni Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Msingi wake ni riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999, ambayo wengi wetu twaijua: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, aikimbia ndoa hiyo, apata hifadhi kwa Mwajuma, apendana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, anayeandamwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya siasa zake. Sehemu kubwa ya mambo haya yatukia Unguja, katika miaka ya mwisho ya ukoloni.

Uzuri wa picha hii ni wa macho kwanza. Kuta za Mji Mkongwe, mwanga upitao madirishani, na vitambaa juu ya miili ya wanawake vimepigwa picha kwa subira ambayo sinema zetu hazikuizoea. Mwongozaji hana haraka. Amwacha Yasmin anyamaze, atazame, ageuke. Na katika kunyamaza kule twaelewa jinsi ndoa ile ilivyomwelemea kabla hajatoa neno moja la kulalamika. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa wa taarabu, ameigiza Mwajuma, na kila atokeapo picha hupata joto. Nadhani ndiye aliyeielewa riwaya kuliko wote, kwa sababu yeye haigizi Uswahili wa Unguja. Anaukaa tu, kama mtu akaavyo barazani kwake.

Lakini hapa sina budi kutoa lawama. Riwaya ya Adam Shafi ni kitabu cha maneno. Watu wake hutaniana, hupigana vijembe, huapa, hubembelezana, na hata askari wanaomsaka Denge wana ucheshi wao. Msimulizi mwenyewe ana ulimi mkali. Katika sinema sehemu kubwa ya maneno hayo imenyamazishwa, na mahali pake pamewekwa uzuri wa kutazama. Siasa nazo zimepungua nguvu kwa sababu hiyo hiyo: Denge wa kitabuni ni mtu wa kubishana, nasi humwamini kwa kuwa twamsikia akibishana, Denge wa sinema ni kijana mzuri mwenye huzuni, nasi twatakiwa kumwamini kwa kumtazama. Sisemi kwamba mwongozaji amekosa. Sinema iliyofuata kila neno la riwaya ile ingekuwa maiti iliyovalishwa. Nasema kwamba amechagua, na mwanafunzi yampasa aone kilichochaguliwa na kilichoachwa.

Haya si mambo ya nadharia tu kwangu. Miaka michache iliyopita nilisahihisha insha ya mtihani juu ya riwaya hii. Mwandishi wake alikuwa na lugha nzuri na mawazo yaliyopangika, ila alizieleza rangi za kuta na vivuli vya chumbani kwa uhakika ambao hakuna msomaji wa kitabu angeweza kuwa nao. Niliisoma mara mbili nikicheka, na mara ya tatu sikucheka, maana niligundua kwamba katika kurasa nne nzima hapakuwa na sentensi hata moja iliyotajwa kutoka kwa Adam Shafi. Hakuikumbuka hata moja kwa kuwa hakuisoma. Na kutoka katika sinema pia hakukumbuka neno lolote lililosemwa, ingawa ni sinema ya Kiswahili na yeye ni Mswahili. Nilipomwita na kumwuliza, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, nilikuwa nasoma maandishi ya chini." Alikuwa akiitazama sinema ya lugha ya mama yake huku akiisoma kwa Kiingereza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maandishi hayo ya chini kwa jicho la uadui, nakiri. Nayo yana kazi yake. Bila ya hayo sinema zetu zisingetazamwa Toronto wala Berlin, na haki ya mtengenezaji kula jasho lake haikataliki. Hata hivyo, jicho la binadamu huyakimbilia maandishi hata pasipo kutaka. "Shikamoo" ya mtoto kwa mzee, ambayo ndani yake mna umri, heshima na pengine hofu, yafika chini ya picha ikiwa imekwisha kuwa salamu ya watu wawili walio sawa. Mwanamke anapomwita mtu asiyemzaa "mwanangu", na anapomwita hivyo hivyo wakati amemkasirikia, maandishi hayana la kufanya. Na kwa kuwa yako pale daima, mtazamaji wetu huishia kuamini kwamba maana ni yale yaliyoandikwa, na sauti ni mapambo.

Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga mwaka 2012, ni picha ya namna nyingine kabisa. Mwas, kijana wa kijijini anayetamani kuwa mwigizaji, aenda Nairobi, anyang'anywa mali yake mara afikapo, na kabla ya siku nyingi kupita amekuwa mmoja wa kundi la wezi, huku akiwa pia amepata nafasi katika mchezo wa kuigiza. Wapo wenzangu wanaoikataa kwa sababu ya lugha yake, ati si Kiswahili. Ni kweli kwamba mnasemwa Kiswahili cha mitaani, na Sheng, na Kikuyu, na Kiingereza. Lakini hayo ndiyo maisha ya mji ule, na mwenye sikio atasikia kwamba Mwas hubadili lugha kila abadilishapo mahali. Lugha ya nyumbani sio ya kwa wezi, na ya kwa wezi sio ya kwenye jukwaa la mchezo. Joseph Wairimu ameyaonyesha mabadiliko hayo kwa ustadi ambao ungetosha somo zima la isimu-jamii. Mwisho wa picha nauona wa haraka na wenye damu nyingi kuliko haja, ila nimewasikia wanafunzi wakiutetea kwa hoja zilizonishinda.

Kwa aliye na watoto nyumbani, na hata kwa asiye nao, naipendekeza Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Ni fupi, haifiki saa moja na nusu. Jo ni mtoto wa kike mgonjwa ambaye hatapona, na anapenda hadithi za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Dada yake awashawishi watu wa kijiji wamfanye aamini kwamba naye anazo. Jambo lililonigusa hapa si machozi, maana machozi ni rahisi kuyatoa kwa mtoto mgonjwa. Ni mama. Ana elimu ya kujua ugonjwa ulivyo, na kwake uongo huu wa mapenzi ni kumwibia siku chache zilizobaki za mwanawe. Sinema haimdhihaki. Kijiji kizima kina haki, na mama naye ana haki, na picha yatuacha katikati yao kwa muda mrefu. Mwisho wake sitausimulia.

Juu ya picha za kweli zisizo za kubuni nitasema machache. Softie ya Sam Soko, iliyotoka mwaka 2020, yamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha na mwanaharakati, alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Sehemu za mikutano na maandamano twazijua katika taarifa za habari. Zilizo bora ni zile za nyumbani, mkewe anapouliza familia ina nafasi ya ngapi baada ya nchi. Arusi ya Mariamu, picha fupi ya mwaka 1985 iliyotengenezwa Tanzania, ni ngumu kupatikana, ila anayeiona asiiache ipite. Ndani yake mwanamke mgonjwa ayaogopa matibabu ya waganga wa jadi kwa sababu iliyomkaa tangu utotoni, na haikutengenezwa kwa ajili ya kumhubiria mtu. As Old as My Tongue ya mwaka 2006 ni habari za Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, mwimbaji wa taarabu na mpiga ngoma za unyago. Mtengenezaji wake ni Mwingereza, Andy Jones, nami niliianza kwa mashaka. Lakini Bi Kidude si mtu wa kutengenezwa na mwingine, na mara kwa mara kamera ndiyo inayoonekana kumfuata mbio.

Sikutaja kampuni zinazoziuza picha hizi, na sikusahau. Sinema huwekwa huku mwezi huu, zikaondolewa mwezi ujao, na orodha ya leo yaweza kumdanganya msomaji wa kesho. Atakaye na azitafute kwa majina yake, na kama bando lake ni dogo azitazame pamoja na wenziwe, jambo ambalo kwa maoni yangu huongeza faida, kwa kuwa watu wawili hawasikii sawasawa.

Darasani kwangu nimeanza desturi ambayo wanafunzi waliichukia mwanzoni. Nakata ukanda wa karatasi ya manila, naubandika chini ya ukuta tunapoonyesha picha, hata maandishi yasionekane. Kwa Vuta N'Kuvute dawa hii ilifaa. Ilinishinda tulipofika kwenye The Letter, picha ya mwaka 2019 ya Maia Lekow na Christopher King, juu ya bibi mmoja wa pwani ya Kenya anayetuhumiwa uchawi na jamaa zake mwenyewe, na kijana wa Mombasa anayerudi nyumbani kutafuta ukweli, ambao pole pole waonekana kuhusu ardhi. Mle Kiswahili chapishana na lugha ya Wamijikenda, wakati mwingine katika sentensi moja, nami mwalimu nikajikuta sielewi. Nikainuka kwenda kubandua ukanda. Mwanafunzi mmoja wa Kigiriama, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, akasema, "Uache, mwalimu," akasogea mbele karibu na ukuta, na akaanza kutufasiria.