Heko kwa Frances Marion, Bingwa wa Kuandika Filamu

Ukiwataja walioijenga Hollywood, usimsahau Frances Marion, mzaliwa wa San Francisco, 1888. Enzi za filamu bubu, mwandishi hakuweza kuegemea maneno ya mwigizaji. Ilibidi hadithi isomeke usoni, mikononi na katika mwendo. Marion aliimudu kazi hiyo barabara. Alimwandikia rafiki yake Mary Pickford “The Poor Little Rich Girl” mwaka 1917, kisha Lillian Gish “The Wind” mwaka 1928, ambamo upepo na mchanga vinamwandama mwanamke mgeni hadi akili inataka kumruka.

Sauti ilipoingia, wengi waliachwa njiani. Yeye alisonga mbele: ndiye aliyeandika muswada wa “Anna Christie”, filamu ambamo Greta Garbo alisikika akizungumza kwa mara ya kwanza. Kwa ajili ya “The Big House” alikwenda gereza la San Quentin kujionea maisha ya wafungwa, na mwaka 1930 filamu hiyo ikampa Oscar, mwanamke wa kwanza kushinda kwa uandishi. Ya pili aliipata kwa “The Champ”.

Mwaka 1937 akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine ufundi huo. Hakuwa mchoyo wa ujuzi wake, na kwa hilo pia anastahili pongezi.