Hongera, jumuiya za Sokon I

Kanisa Katoliki la Sokon I, Arusha, haliishii altareni. Linaendelea sebuleni, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, jumuiya ndogo ndogo zinapokutana kuisoma Injili ya Jumapili. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki ya Afrika Mashariki, walizipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, Arusha ikiwa bado jimbo tu. Jimbo kuu lilikuja 1999. Lakini sifa nazitoa kwa wanaozibeba jumuiya hizo: muuza mboga, fundi, mwalimu mstaafu.

Wengi hufuata hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana, somo linasomwa, kila mmoja anataja neno lililomgusa, mnakaa kimya, kisha mnashirikishana. Hakuna anayehubiri. Halafu inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote: tufanye nini? Mkimsoma Msamaria Mwema, swali linakuwa nani atakwenda kesho kwa yule mgonjwa wa mtaa wa pili, na nani atapika. Mchango unapitishwa, zamu zinapangwa, sala inafunga. Kwangu tafakari hiyo inazidi mahubiri mengi matamu, kwani mtu anaondoka na jina la mwenzake na siku ya kumtembelea. Wenyeviti, wasomaji, mnaofungua milango yenu: asanteni sana.