Mpango wa Insha ya Utafiti katika Nyanda za Juu za Kusini

Siku hizi vyuo vikuu si vigeni tena katika Nyanda za Juu za Kusini. Iringa pana Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Mkwawa kilichoanzishwa mwaka 2005. Na Mbeya vilevile pana vyuo vyake. Kwa hiyo wanafunzi wengi hupita vijijini, daftari mkononi, wakiwauliza wazee habari za lugha na desturi. Tumepata kusoma insha zao nyingi, nasi yatupasa kusema wazi tulichokiona: bidii si haba, ila mpango ndio unaopungua. Na kwa kuwa mpango mbovu hupoteza maneno ambayo hayatapatikana mara ya pili, twaona yafaa kulipima jambo hili kwa makini.

Kosa la kwanza ni ukubwa wa mada. Mwanafunzi huandika juu ya jalada, “Mila na Desturi za Wahehe”, kana kwamba kabila zima laweza kutiwa katika kurasa hamsini. Ndani yake tutakuta vita vya Lugalo vya mwaka 1891, kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, kufa kwa Mkwawa mwaka 1898, kurudishwa kwa fuvu lake mwaka 1954, kisha ndoa, matambiko, na vyakula. Kila jambo limeguswa, wala hakuna lililochunguzwa. Mshika mbili moja humponyoka. Naye huyu ameshika kumi.

Kosa la pili ni kuutumikia mgawanyo wa sura badala ya kuutumia. Sura ya utangulizi, ya mapitio ya maandishi, ya njia za utafiti, ya matokeo, na ya hitimisho, zote ni vyombo vyema, wala hatuzilaumu. Lakini mtungi hauleti maji. Twaona katika sura ya pili waandishi wamepangwa foleni, kila mmoja na aya yake. Na katika sura ya nne wazee wamepangwa vivyo hivyo, mzee wa kwanza alisema hili, wa pili alisema lile. Waandishi na wazee hawakutani hata mara moja. Msomaji hajui kama mzee amekikanusha kitabu au amekithibitisha, maana mwandishi mwenyewe hakuwahi kuuliza.

Sasa tuangalie kazi mbili zilizofanyika katika nchi hii hii, si kwa kuzisujudia, bali kwa kujifunza. Ya kwanza ni kitabu cha Gordon Brown na Bruce Hutt, kilichochapwa mwaka 1935, juu ya Wahehe wa wilaya ya Iringa. Brown alikuwa mtaalamu wa desturi za watu, na Hutt alikuwa ofisa wa serikali ya Kiingereza. Mpango wao ulikuwa mwepesi kuuelewa: ofisa aulize swali litokanalo na kazi yake, na mtaalamu alitafutie jibu. Hapa pana sifa kubwa, kwani kila uchunguzi ulikuwa na swali lake, na jibu liliweza kupimwa kama limetosha au halikutosha. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyozaa upungufu wake. Aliyeuliza alikuwa mtawala. Jambo lisilomsumbua mtawala lilikuwa katika hatari ya kutoulizwa, hata kama liliwasumbua Wahehe wenyewe. Basi mwanafunzi na ajifunze mambo mawili: kwamba pasipo swali hapana utafiti, na kwamba yampasa kujua swali lake limetoka kwa nani.

Kazi ya pili ni ya Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi kati ya Wanyakyusa wa Rungwe kati ya miaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na lundo la maandiko likabaki mikononi mwa mkewe. Angaliweza kulimimina lote katika kitabu kimoja kinene; hakufanya hivyo. Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya vijiji vya marika, yaani desturi ya vijana kuondoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe. Mwaka 1957 alitoa kingine juu ya ibada za ukoo, na mwaka 1959 juu ya ibada za jamii nzima. Na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya mabadiliko kati ya vizazi, na kati ya wanaume na wanawake. Lundo moja, maswali manne, vitabu vinne. Huo ndio mpango hasa: kujua kipi kiingie hapa, na kipi kingoje mahali pake. Hata hivyo tuonye jambo moja. Kati ya kuona kwao na kuchapwa kwa kitabu cha kwanza ilipita miaka zaidi ya kumi. Mwanafunzi anayekinukuu kitabu cha mwaka 1951 kana kwamba chaeleza Rungwe ya mwaka huo, au ya leo, hukosea. Imempasa kuandika mwaka wa kuona kando ya mwaka wa kuchapwa.

Je, mwanafunzi afanyeje? Kwanza, aandike swali lake kwa sentensi moja. Asiseme “Historia ya Mkwawa”, bali aulize, mathalan, “Watu wa Kalenga walipokeaje kurudishwa kwa fuvu mwaka 1954, nao husimulia nini juu ya siku ile?” Pili, aandike ni mashahidi gani wawezao kulijibu, na kila mmoja alijuaje: kwa kuona, kwa kusikia, au kwa kusoma. Tatu, ahesabu siku zake kwa haki. Barua ya ruhusa hupita ofisi za mkoa na za wilaya kabla ya kufika kijijini. Na tangu Desemba hata Aprili ni majira ya mvua, njia zina utelezi na wenyeji wako mashambani. Anayefika siku moja, asiyengoja hata salamu ya “kamwene” iishe, hupewa majibu mafupi, naye amestahili.

Nne, ayatunze maneno ya mzee kwa lugha aliyoyasema, kisha ndipo afasiri. Neno la Kinyakyusa “ukwangala” hutafsiriwa upesi kuwa ni kukaa pamoja kwa furaha; lakini ndani yake mna adabu ya kula pamoja, ya kuzungumza, na ya kuwa mtu kati ya wenzake. Akiliandika kwa Kiswahili tu, amelipoteza neno na kubaki na kivuli. Tano, akirudi nyumbani apange maandiko yake kwa maswali, si kwa majina ya wasemaji. Mahali pamoja na pakutane mzee, mwenzake anayempinga, na kitabu. Hapo ndipo hoja huzaliwa.

Wako wasemao kwamba mpango humfumba mtafiti macho, hata asione jambo asilolitazamia. Neno hili lina kweli, ila si hoja ya kutembea bila mpango. Mwenye swali hutambua upesi jibu lililokwenda kinyume. Asiye na swali hashangazwi na lolote. Dawa ni kuandika mpango mara mbili: mara moja kabla ya kutoka, na mara ya pili baada ya kurudi, na kueleza bila haya kilichobadilika, na kwa sababu gani.

Hatusemi haya kwa ajili ya alama za mtihani. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi fuvu liliporudishwa Kalenga sasa amekwisha kupita miaka themanini. Wenzake wanapungua mwaka kwa mwaka. Mwanafunzi atakayefika kwake na swali moja lililofikiriwa vema atarudi na ushahidi. Atakayefika na mada ya kabila zima atarudi na yale yale yaliyomo vitabuni, na mzee atakuwa amesumbuliwa bure. Kitabu kibaya chaweza kuandikwa upya. Mzee aliyeulizwa vibaya, pengine haulizwi tena.